Sadaka Yenye Kipande

Daktari aliweka kile chombo chake cha baridi kifuani mwa Mzee Pasi, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, halafu akauliza kama mzee anafuga paka.

"Paka wa nini?"

"Huyu anayelia humu ndani."

Ndivyo Mzee Pasi alivyoarifiwa kwamba mapafu yake yamechoka na kazi. Miaka yote aliyofua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba chenye dirisha moja, mvuke na moshi wa mkaa vilikuwa vikiingia puani mwake kama wapangaji wapole. Sasa vilitaka nyumba nzima. "Ama uuache mvuke," daktari akasema, "ama uiache dunia. Chagua, lakini usichelewe kuchagua."

Mzee akaona heri auache mvuke. Dunia bado alikuwa na hamu nayo.

Mipango ikaenda mbio. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali wenye hewa safi, alikuwa na chumba cha uani kinachokaa bure. Mkewe akatangulia na masufuria, godoro na kila kitu chenye maana, akamwachia mumewe mkeka, sahani moja na maagizo mengi. Duka angelichukua Msusi, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye saluni yake ilikuwa imefurika hadi wateja wanasukwa nusu mwili ndani, nusu barazani. Sharti lake lilikuwa moja tu: mwisho wa mwezi akikute chumba kitupu, kuta nne na sakafu. Ikishindikana angechukua kile kilichopakana na muuza nyama, nywele zinukie mifupa, potelea mbali.

"Mzee Pasi, mimi sikusukumi," alikuwa akisema huku anamsukuma. "Lakini vioo nimeshanunua. Vimelala uvunguni mwa kitanda. Mume wangu analala juu yake kama maiti, hageuki, anaogopa kuvivunja."

"Mwanangu, hapa nimebakiza nguo za watu tu. Wiki moja."

Na kweli ingekuwa wiki moja, kama Mama Shirika asingekuja kuchukua suti yake.

Mama Shirika alikuwa mwenyekiti, katibu na mpiga makofi mkuu wa shirika lililosaidia wodi ya watoto katika hospitali ya pale. Watoto walikuwa wakilala wawili wawili kitanda kimoja, wengine watatu, kichwa huku miguu kule, kama viatu ndani ya boksi. Shirika lilitaka kukusanya vitabu vilivyokwisha somwa, livipeleke mnadani, linunue vitanda. Wazo zuri, ila watu hawakuleta vitabu. Walikwisha kuibiwa na wakusanyaji wengi mno: wa maafa, wa mazishi, wa timu ya mpira iliyokuwa haina hata mpira.

"Ninahitaji mahali ambapo watu wana imani napo," Mama Shirika alisema huku akiikagua suti yake bila kuona la kulalamikia. "Mtaa huu hawamwamini kiongozi, hawamwamini mganga, wala hawaaminiani wao kwa wao. Lakini wewe, Mzee Pasi, wewe hujawahi kupoteza hata kifungo."

Ilikuwa kweli. Mteja akileta nguo, mzee alichukua ukanda wa kitambaa cheupe, akaandika namba moja mara mbili kwa wino usiotoka, akaukata katikati. Nusu aliibana kwa pini kwenye kola, nusu mteja aliondoka nayo. Hicho ndicho kipande. Ukija na kipande, unapewa nguo. Ukija bila kipande, hata uje na mama mzazi wa hiyo nguo, unapewa pole. Ukutani palikuwa na maneno aliyoyapaka mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAKUNA KIPANDE, HAKUNA NGUO. Bwana harusi mmoja aliwahi kumwachia rafiki yake kipande, rafiki akapotelea kwenye starehe. Jamaa akaoa ndani ya suti ya binamu yake, suruali inamwishia magotini, na mpaka leo picha za harusi hiyo zimegeuziwa ukutani. Mke wa Mzee Pasi mwenyewe alikosa gauni lake kwa kukosa kipande. Alimgeuzia mumewe mgongo kwa muda ambao majirani bado wanabishana ulikuwa mrefu kiasi gani.

Sifa ni kitu kibaya. Mtu anaweza kukataa chakula akiwa na njaa, lakini mwambie hajawahi kupoteza kifungo, atakupa na duka.

"Wiki moja tu," akasema Mzee Pasi.

"Wiki moja tu," Mama Shirika akasema, akaondoka na suti yake begani kama aliyetoka vitani ameshinda.

Wa kwanza kuleta kitabu alikuwa Mwalimu Mkuu, mstaafu aliyeendelea kuukagua mtaa kama vile bado una gwaride la asubuhi. Alileta kitabu cha ramani za dunia ambamo nusu ya nchi zilikwisha kufa na nyingine hazijazaliwa. Akakiweka kaunta kwa heshima. Mzee Pasi alikuwa akiwaza mambo yake, basi la kwenda kwa binti yake linaondoka saa ngapi, na mkono wake, mkono wa dobi, haukumsubiri. Ukavuta kitambaa, ukaandika namba, ukakata, ukabana nusu kwenye jalada na kumkabidhi Mwalimu Mkuu nusu ya pili.

"Hiki cha nini?"

"Kipande chako, Mwalimu."

"Aah." Mwalimu Mkuu akakitazama, akakigeuza, akakiweka ndani ya pochi, karibu na kitambulisho, kama mtu aliyekatiwa stakabadhi na mbinguni.

Mzee Pasi alishtukia alichokifanya wakati mlango umeshafungwa. Akacheka peke yake. Alicheka sana, mpaka kikohozi kikamshika. Hakujua kwamba hicho ndicho kicheko cha mwisho atakachokicheka humo ndani.

Kwa sababu habari zilienea kwamba kwa Mzee Pasi sadaka inapewa namba. Watu ambao hawajawahi kutoa hata sindano iliyovunjika wakajipanga foleni. Kutoa kulikuwa kunawatisha siku zote kwa kuwa ukitoa, kitu kinaondoka. Sasa palikuwa na njia ya kutoa huku kitu kimebaki. Vitabu vikaja kwa mikoba, kwa mabeseni, kwa toroli. Vitabu vya sheria zilizofutwa. Vitabu vya mapishi vyenye kurasa zilizogandana. Kitabu cha Jinsi ya Kumpata Mume, kikifuatana na mwenzake wa Jinsi ya Kuishi Peke Yako, vyote kutoka kwa mama mmoja. Vitabu vya maelezo ya mashine za kushonea ambazo zenyewe zilishauzwa. Na kila kimoja kikabanwa pini. Mzee alijaribu kupokea bila kipande, watu wakakataa kuviweka chini.

"Wengine mbona umewapa?"

"Ndugu yangu, hiki si unatoa? Kipande cha nini?"

"Natoa, ndiyo. Lakini natoa kwa utaratibu."

Wiki ilipokwisha, pikapu ya shirika ikaja na dereva mwenye haraka. Alikuwa hata hajajaza mkono wake vizuri aliposikia sauti nyuma yake.

"Wewe! Hicho unakipeleka wapi?"

Ilikuwa sauti ya mke wa Fundi Redio, mwanamke ambaye akinong'ona, ng'ambo ya barabara wanaitikia.

"Mnadani, mama. Si mmetoa?"

"Tumetoa. Nani kasema tumeachia?"

Kufumba na kufumbua, mlango ukajaa watu, kila mmoja na kipande chake mkononi. Mwalimu Mkuu akasogea mbele.

"Kijana, soma pale ukutani. Kwa sauti."

Dereva akasoma. "Hakuna kipande, hakuna nguo. Lakini mzee, kitabu si nguo."

"Kitabu kina jalada. Kimevaa kuliko wewe."

Mzee Pasi akapanda juu ya beseni ili aonekane. "Jamani, jamani. Kile kipande mkono wangu uliteleza tu, ni mazoea ya kazi. Nirudishieni vipande, vitabu viende, watoto wa watu wapate vitanda."

Kila mkono ukaenda mfukoni, ukatulia huko, kama watu walioambiwa kuna mwizi kati yao.

"Mzee wangu," mke wa Fundi Redio akauliza, na safari hii kwa upole, "nikikupa kipande, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na thawabu."

"Thawabu haina namba."

Watu wakaitikia: kweli, kweli.

"Basi," Mzee Pasi akasema, na kifua kilianza kumbana, "kila mtu achukue kitabu chake arudi nacho kwake. Yaishe."

Hapo ndipo walipokasirika. Mwalimu Mkuu alivua miwani, na Mwalimu Mkuu akivua miwani, watu wazima hujikuta wameficha mikono nyuma. "Mzee Pasi, mtu mzima amekwisha kutoa sadaka yake. Wewe unamwambia airudishe nyumbani, watoto wake wamwone? Unatuchukuliaje?"

Ndivyo ilivyokuwa. Vitabu walivitoa, kwa hiyo hawakuweza kuvichukua. Vipande walivishika, kwa hiyo vitabu havikuweza kuondoka. Na katikati akasimama mzee mmoja juu ya beseni.

Mama Shirika alipoletewa habari alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni asije akachafua viatu. "Shirika haliwezi kupokea mali yenye wenyewe," alisema. "Nikivibeba hivi leo, kesho nipo mahakamani nadaiwa ramani. Vikiwa havina mdai, nipigie, nitakuja siku hiyo hiyo." Halafu akamsimamisha Mzee Pasi mbele ya rundo, akampiga picha. Ilivyotoka, mzee alionekana kama mateka ambaye nduguze wanatakiwa kutoa fidia. Wakaikuza, wakaitundika kwenye uzio wa hospitali, chini wameandika MFADHILI WA MWAKA. Mitaa mingine ikaiona. Nayo ikaleta vitabu.

Maisha ya ndani ya duka lile sasa yalikuwa ya upande upande. Vitabu vilipanda ukutani mpaka dirisha likabaki na mwanga wa ukubwa wa sarafu. Meza ya kupigia pasi ilifunikwa. Mzee alipiga pasi juu ya mapaja yake, na mara moja alinyoosha suruali ya mteja pamoja na yake mwenyewe akiwa ndani. Alilala amejikunja kati ya rundo la hesabu na rundo la uzazi salama, akigeuka moja lamwangukia, akigeuka huku lingine. Vumbi la karatasi likaungana na mvuke, na kifua kikawa kinapiga mluzi hata akinyamaza.

Wenye vipande nao walikuja kuvitazama vitabu vyao. Hawakuja kuchukua, hapana, kutazama tu, kama watu wanaomjulia hali mgonjwa. Mwalimu Mkuu alikuja kuhakikisha kitabu chake hakijawekwa chini ya vya wasiosoma. Mama mmoja aliomba chake kinyooshwe kurasa, kwa kuwa kipo kwa dobi. Mwingine alilalamika kwamba chake kimepungua unene.

Fundi Redio alikuwa na msiba wake peke yake. Mkewe, siku waliyogombana, alimtolea sadaka kile kitabu kikubwa cha michoro ya redio ambacho ndicho kilichokuwa akili yake ya pili. Kipande alikuwa nacho mke, amekifunga kwenye pindo la nguo yake, na alisema hatakifungua mpaka mume atakapomwomba radhi mbele ya mama mkwe.

"Mzee, nakuomba. Kitabu ni changu, ndani kuna jina langu, kuna mpaka alama za kidole changu. Bila hicho nabahatisha. Jana redio ya mtu imetoa moshi katikati ya taarifa ya habari."

"Kipande, Fundi."

"Kipande kipo kwenye kiuno cha mke wangu, na siku hizi hata kukisogelea siruhusiwi!"

"Pole sana."

"Wewe ni mwanamume mwenzangu!"

"Mimi ni dobi."

Mwishowe wakapatana kwamba Fundi Redio atakuwa anakuja kukisomea humo humo, amekaa juu ya ndoo, Mzee Pasi akimchunga asitoke nacho. Ikawa kila asubuhi wanakaa wawili, mmoja amefungwa na kitabu chake, mwingine amefungwa na vya wengine, wakisikilizana wanavyohema.

Jioni mkewe alipiga simu.

"Umefunga duka?"

"Bado kidogo."

"Wewe mzee, kidogo hicho ni kirefu kuliko ndoa yetu. Chumba nimekifagia, nimekifagia tena, sasa nafagia sakafu yenyewe inakwisha. Una mwanamke huko?"

"Nina vitabu."

"Afadhali ungekuwa na mwanamke. Angechoka akaondoka." Akamsikia anakohoa. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Vitupe, baba. Vitoe nje ufunge mlango uje. Watafanya nini?"

Atamwelezaje mtu aliyenyimwa gauni? Watu wengine wameacha majumba, wengine mashamba, wengine watoto wenye vyeo. Yeye katika dunia hii alikuwa na maneno manne tu ambayo mtaa ungeyasema akishaondoka: yule hakuwahi kupoteza kitu. Akiviachia vitabu bila vipande, atakuwa amefuta kwa mkono wake jambo pekee alilolifanya akiwa hai. Na asipoviachia, hatakuwa hai kwa muda wa kutosha kulifurahia.

Mwezi ukawa umebaki mkia. Msusi akaja, safari hii bila utani, akasimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama.

"Mzee wangu, muuza nyama anataka jibu. Kesho jioni natia kufuli yangu, ama hapa ama kule. Nakuheshimu kama baba, lakini mume wangu juzi amegeuka. Kioo kimoja kimepasuka."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Hujanisikia. Kifua chako kinapiga kelele, huwezi kusikia." Akamtazama. "Usipotoka humu kesho, utatolewa. Na watakaokutoa watakuwa wamekubeba."

Basi kesho yake, mchana wa jua kali, saa ambayo mtaa umeshiba na kulala, Mzee Pasi alifunga mlango kwa ndani akaanza kutoa pini. Ya kwanza ilimshinda. Mkono ule ule ulioteleza siku ya kitabu cha kwanza sasa ulikataa kabisa. Ulijua kubana, haukujua kubandua namba ya mtu akiwa hayupo. Akamgongea Msusi ukuta. Msusi akaja na kitana chake chenye mkia, ule mkia wa kugawia nywele, akaupenyeza chini ya pini kama anayetafuta chawa, na pini zikaanza kuruka.

"Unaona? Haitoki damu," akasema.

Mzee alikuwa anapokea vipande kimoja kimoja na kuviingiza ndani ya pasi yake ya mkaa, juu ya makaa mekundu, anafunga mfuniko. Moshi ukatoka kwenye matundu ya pasi, mweupe, wenye harufu ya wino. Alikohoa hadi machozi, na Msusi hakuuliza kama ni moshi au ni kitu kingine. Walipofika kwenye kitabu cha Fundi Redio, mzee alikishika, akakitia kwenye mkoba wa Msusi amfikishie Fundi. Hicho kimoja hakikutolewa na mwenyewe.

Kisha akapiga simu.

"Vina wenyewe?" Mama Shirika akauliza.

"Havina."

"Wakija kudai?"

"Watanidai mimi."

Pikapu ikaja kimya kimya, ikajaa, ikaenda, ikarudi, ikajaa tena. Ukuta wa dirisha ulipofunguka, mwanga ukaingia kwa pupa hadi Mzee Pasi akajikinga macho. Akauona mkeka wake, mdogo, katikati ya chumba. Akaukunja. Alikuwa anaufunga kamba wakati Mwalimu Mkuu alipoingia, kitambaa cheupe mkononi, kuja kukijulia hali kitabu chake.

Alitazama kuta. Alitazama sakafu.

"Naomba kitabu changu."

Mzee Pasi angeweza kusema vitabu vimekwenda mnadani. Lakini alijua kwamba akisema hivyo, kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa mlangoni kwa Mama Shirika na vipande, na pikapu itarudi na mzigo ule ule, na wodini watoto wataendelea kulala kama viatu. Mali ya watu haikuweza kuwafikia watoto wale mpaka mtu mmoja aibebe aibu yake. Palikuwa na neno moja tu la kuibeba, na dobi hajawahi kulitamka.

"Kimepotea, Mwalimu."

"Umesemaje?"

"Kimepotea. Vyote vimepotea."

Mwalimu Mkuu hakuvua miwani. Alitoka nje polepole, kama mtu aliyeona sanamu limeanguka. Halafu mlango ukajaa.

Watu ambao hawakutaka kuvirudisha vitabu nyumbani hata kwa fimbo, sasa kila mmoja alikitaka chake, hicho hicho, leo leo. Mama wa vitabu viwili alilia vyote viwili. "Ndiyo maana alikuwa anahama! Amekwisha kuviuza!" Mtu mmoja alikumbuka shati lake la zamani. "Miaka yote najiambia nimenenepa, kumbe huyu alikuwa ananibadilishia!" Mwingine akamkumbukia soksi. Yule bwana harusi wa suruali fupi, ambaye hakutoa hata ukurasa, alifika akihema, akasema yeye alishajua tangu zamani. Mke wa Fundi Redio akafungua pindo, akakitupa kipande chake sakafuni. "Kumbe hata namba ni kitambaa tu!"

Mzee Pasi alisimama na mkeka wake kwapani. Hakujitetea. Kila neno lilimpata mahali pake, kama pini. Msusi alifungua mdomo mara mbili, na mara mbili mzee akamtazama, akaufunga. Mwishowe Msusi alimshika mzee mkono, akampitisha katikati yao, mpaka kituoni, akamkalisha ndani ya basi kwenye kiti cha dirishani. Halafu akarudi kutia kufuli yake.

Mnada ulifanyika ukafana kupita kiasi. Msusi ndiye aliyepiga simu kueleza, na mke wa Mzee Pasi akaiweka kwa sauti kubwa ili wote wasikie uani.

"Mama, ungekuwepo! Unajua nani walionunua? Hao hao! Mwalimu Mkuu kapata kitabu cha ramani, kakipandishia bei mpaka watu wamemwonea huruma. Anakionyesha kila mtu: 'Nimepata pacha wa kile alichonipotezea yule mwizi. Hata doa la chai lipo mahali pale pale!' Na yule mama wa Jinsi ya Kumpata Mume kanunua vyote viwili, anasema vile vyake vilikuwa vizuri zaidi. Mtaa mzima umenunua vitabu vyake wenyewe, mama, na umelipa kwa hasira. Vitanda vimeingia wodini jana. Kila mtoto na chake."

"Na mzee wanamsemaje?"

"Jina lake siku hizi ni tusi. Mtu akimpotezea mwenzake kitu, anaambiwa usinifanyie upasi."

Mkewe alizima simu akamgeukia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, anapumua vizuri kuliko alivyopumua kwa miaka mingi.

"Sasa sema ukweli," mkewe akamwambia. "Mpigie yule mama wa shirika, atangaze. Vitanda vimeshanunuliwa, nani atakugusa? Jina ni lako, lichukue."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Vile vitanda vimenunuliwa kwa vitabu vyao, na vitabu hivyo wameuziwa tena wao wenyewe. Nikitangaza leo, kesho asubuhi watakuwa wodini foleni, vipande mkononi. Watoto watashushwa vitandani mmoja mmoja."

Mkewe alitaka kubisha. Akautafakari mtaa ule, aliokaa nao nusu ya maisha yake, na akaona hana la kubishia. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

Mkwe wao akarudi kutoka kazini. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kazini kwake alikuwepo mtu aliyekuwa na shangazi katika mtaa ule. "Shikamoo, baba," akasema, akainama. Halafu akalichukua koti lake jipya, lililokuwa limeangikwa kwenye kiti alichokalia mzee, akaingia nalo ndani. Mzee Pasi akaitikia marahaba, akausikia ufunguo ukigeuka kabatini.